Uzi kwa walio kwenye magongo: tuzungumzie na saa za mchana, si mfupa peke yake

Mwanzisha uzi (Mwalimu, Morogoro):

Wakuu, habari za wakati huu. Uzi huu ni kwa ajili ya mtu aliyevunjika mguu, aliyechanika kano za goti au aliyepasuliwa kifundo, ambaye ametoka hospitali na magongo mawili pamoja na amri ya kutokanyaga chini mpaka atakapoambiwa vinginevyo. Kuhusu dawa, kidonda na tarehe ya kliniki atakuwa ameelezwa vya kutosha. Jambo ambalo mara nyingi haelezwi na mtu ni atafanya nini ifikapo saa nne asubuhi, watoto wakiwa shuleni na mwenzake kazini, nyumba nzima ikiwa kimya, naye amekaa kwenye kochi na mguu wake juu ya stuli.

Mimi ni mwalimu wa sekondari. Nilivunjika ugoko wa mguu wa kulia pikipiki niliyopakiwa ilipoteleza kwenye tope, nikawekewa chuma ndani ya mfupa, na hadi sasa natembelea magongo. Kwa mtu mzima mfupa wa ugoko huchukua kiasi cha miezi 3 hadi 6 kuunga, na wapo wanaopita hapo, kwa hiyo hatuzungumzii likizo fupi ambayo mtu anaweza kuimaliza kwa kulala na kutazama tamthilia.

Nionavyo mimi, kinachomkatisha tamaa mtu wa magongo zaidi ya maumivu, ambayo hupungua kadiri wiki zinavyokwenda, ni kuona kwamba hakuna anayemtegemea kwa lolote. Watu humletea chakula, humwondolea sahani, humwambia apumzike, na kila neno hilo la wema humkumbusha kwamba nyumba inakwenda bila yeye. Burudani haiponyi hali hiyo. Nimeshinda na simu na mechi za marudio kama kila mtu, na ikifika saa kumi jioni najikuta nimechoka, nimenuna, na sikumbuki hata nilichokitazama. Anachohitaji mgonjwa ni shughuli, na kwa shughuli nina maana ya jambo ambalo usipolifanya kuna mtu atakuja kuuliza limefikia wapi.

Kwangu ilianza na mchele. Mke wangu alikuwa akichambua usiku baada ya kutoka kazini, nikamwomba aniachie ungo asubuhi. Kazi hiyo inafaa kuliko mtu anavyodhani, kwa sababu mikono na macho vinashughulika huku mguu umenyooshwa juu ya mto: unaurundika mchele upande mmoja wa ungo, unauvuta kidogo kidogo kwa ncha za vidole kuelekea upande wa pili, unatoa vijiwe, chuya na pumba zilizosalia, na ukija kumaliza umekwisha kusikiliza taarifa ya habari na kipindi kizima cha redio kilichofuata. Najua wapo wanaume watakaoona haya. Anayeona haya na akae nazo, wali anaula.

Baada ya hapo nilimpigia simu mkuu wa idara yangu nikaomba nipewe insha za kidato cha tatu nizisahihishie nyumbani. Kijana mmoja huzileta Jumatatu na kuzifuata Alhamisi, na uzuri wote wa mpango huo uko kwenye Alhamisi, kwa kuwa nijisikie vizuri ama vibaya, kijana atakuja na atataka madaftari. Jioni watoto wa jirani hukaa nami barazani tukafanya hesabu za sehemu na asilimia. Sitozi kitu, ingawa ndizi huletwa.

Nieleze pia jambo moja dogo ambalo wasiowahi kushika magongo hawalifikirii: mtu wa magongo hana mkono wa tatu. Hawezi kuchukua kikombe cha chai jikoni akakipeleka barazani, na hilo limewatia watu wazima uchungu kuliko sindano. Nilichofanya ni kutafuta begi dogo la mgongoni na chupa yenye kifuniko cha kukaza; chai humiminwa kwenye chupa nikiwa jikoni, kikombe hunisubiri barazani, na simu pamoja na funguo hukaa kwenye mfuko ulioning'inia shingoni. Tangu hapo simwiti mtoto kila dakika, na mtoto naye ameacha kunikwepa.

Kuhusu wageni, tuwashukuru, lakini tuwape la kufanya. Mgeni aliyekosa la kufanya ataishia kusimulia habari za shemeji yake aliyevunjika hivyo hivyo na mguu ukaja kukatwa. Ukiwa na ubao wa drafti na vizibo vyako vya soda, au bao na kete zake, mazungumzo huelekea kwenye mchezo na mgeni huondoka akiwa amekudai mchezo wa marudiano, maana yake atarudi.

Karibuni mchangie, hasa ninyi mliopita huku mkapona.

Fundi Seremala, Mbagala:

Mwalimu, nimekusoma hadi mwisho na nakushukuru, ila naomba niseme bila kukuvunjia heshima kwamba wewe umevunjika ukiwa na mshahara. Mimi nilianguka kutoka kwenye kenchi nikipaua nyumba ya mtu, mfupa wa kisigino ukavunjika, na kazi yangu yote ni ya kusimama, kupanda na kubeba. Vijana wangu wawili wanaendelea na karakana, lakini wateja wanauliza fundi mwenyewe yuko wapi, na fundi mwenyewe yuko ndani anahesabu misumari ya dari. Nikichambua mchele nani atalipa kodi ya fremu? Naona mawazo yangu hayatokani na kukosa shughuli, yanatokana na kukosa fedha, na sijui kama ungo utanisaidia katika hilo.

Muuguzi Mstaafu, Moshi:

Mwalimu amezungumzia moyo, nami naomba nizungumzie magongo yenyewe, kwa kuwa mtu anayeumia kwapa kutwa nzima hawezi kuwa mchangamfu hata akipewa shughuli gani. Gongo la kwapani halikutengenezwa ili kwapa libebe uzito. Simama wima ukiwa umevaa kiatu na mabega yameshuka. Kati ya mto wa juu wa gongo na kwapa lako paingie vidole viwili au vitatu. Kishikio kiwe usawa wa kifundo cha mkono pale mkono unapokuwa umening'inia, ili ukikishika kiwiko kikunjike kidogo. Uzito hubebwa na viganja, na mto wa juu hubanwa na mbavu. Anayejiegemeza kwapani huiminya mishipa ya fahamu inayopita pale, na dalili huanza na ganzi ya vidole, kisha kiganja huwa kizito kuinuka. Wengi huazima magongo ya jirani mrefu au ya babu aliyefariki wakayatumia kama walivyoyakuta, ilhali yale matundu na nati za pembeni zimewekwa ili yapandishwe na kushushwa. Kwenye ngazi, mguu mzima hutangulia wakati wa kupanda. Wakati wa kushuka hutangulia magongo na mguu mgonjwa.

Mazoezi nayo ni shughuli, tena ni shughuli yenye faida inayopimika, kwa sababu paja la mguu usiokanyaga huanza kusinyaa ndani ya wiki chache. Muulizeni mtaalamu wa mazoezi tiba yapi mmeruhusiwa. Yale ambayo wengi huruhusiwa mapema ni kukaza msuli wa paja goti likiwa limenyooka, ukahesabu hadi tano ukalegeza, na kuchezesha vidole vya mguu, pamoja na kifundo kama hakimo ndani ya hogo, yaani plasta ngumu ya kushikilia mfupa. Yafungeni na jambo lisilosahaulika, mathalani taarifa ya habari ya redioni au adhana, maana anayengoja hamu ya mazoezi hatayafanya.

Supu ya kongoro nyweni, ni tamu na humpa mgonjwa hamu ya kula, lakini msiifanye ndiyo tiba mkaacha maziwa, mayai, maharage na dagaa. Dagaa aliwaye mzima na mifupa yake ana madini ya chokaa mengi kuliko supu hiyo. Sigara huchelewesha mfupa kuunga, na hapo sina la kupunguza. Hogo likiwasha ndani, msichomeke njiti, waya wala mpini wa kijiko, kwa kuwa ngozi ikichubuka humo kidonda hujificha na kuoza bila kuonekana.

Na hili si la kujadiliwa: shavu la mguu likivimba na kuuma kwa namna mpya, au kifua kikabana na pumzi zikawa za shida ghafla, nendeni hospitali saa hiyo hiyo, iwe mchana au usiku. Damu huweza kuganda ndani ya mshipa wa mguu uliotulia muda mrefu, na kipande kikasafiri hadi kwenye mapafu. Mchuaji asiitwe kabisa. Vidole vikiwa vya baridi, vimebadilika rangi au vimekufa ganzi ndani ya hogo linalobana, hapo nako ni hospitali saa hiyo hiyo. Na yule ambaye usingizi umempotea, hataki kuona mtu na anaona heri asingekuwepo, amwambie daktari kwenye kliniki kama anavyomweleza maumivu ya mguu. Hilo nalo lina matibabu.

Mke wa Mgonjwa, Tanga:

Shikamoo mwalimu, shikamoo mama muuguzi. Mimi naandika kwa upande wetu sisi tunaouguza. Mume wangu ni dereva wa lori, alivunjika paja, na kwa muda mrefu nilidhani amebadilika tabia. Alikuwa mkali, hajibu, na mchana alikataa kula akisema hana njaa. Kumbe alikuwa anaogopa choo. Choo chetu ni cha kuchuchumaa, na mtu ambaye goti halikunjiki hawezi kuchuchumaa, kwa hiyo alilazimika kushikiliwa na mdogo wangu wa kiume, jambo ambalo kwa mtu mzima mwenye watoto ni dhiki kubwa. Ndipo tulipochukua kiti cha plastiki kilicho imara, fundi akakata tundu katikati ya kikalio, akazipiga msasa kingo zote zisikwaruze, akaweka kipande cha mpira chini ya kila mguu wa kiti kisiteleze, na akafunga bomba fupi ukutani la kushikilia wakati wa kuinuka. Tangu siku ile anakula mchana, na hasira zilipungua kuliko zilivyopunguzwa na maneno yangu yote ya kumtia moyo. Wenzangu mnaouguza, kabla hamjamtafutia mtu la kumchangamsha, hakikisheni kwamba anajitosheleza katika haja zake.

Shughuli tulimpatia baadaye. Mimi nakaanga vitumbua na maandazi, na oda zangu zilikuwa zinapotea kwa sababu napigiwa simu mikono ikiwa kwenye unga. Sasa simu ya biashara ni yake: anapokea oda, anaandika nani anataka nini na saa ngapi, anahakiki malipo ya simu, na jioni ananisomea hesabu. Amewagundua wadaiwa ambao mimi nilikwisha kuwasahau, na sauti yake ya udereva inawalipisha. Nashauri kitu kimoja tu, kwamba ukishampa mtu kazi usimsimamie begani. Siku za mwanzo nilikuwa nachungulia daftari kila saa, akaniambia kama simwamini nimnyang'anye tu, nikaacha.

Kilichokuwa kikimuumiza kingine ni kukosa sala ya jamaa. Alizoea kusali msikitini, na nyumbani alijiona ametengwa. Imamu alipomtembelea alimkumbusha Hadithi ya Imran bin Husein, kwamba Mtume alimwelekeza asali kwa kusimama, asipoweza asali kwa kukaa, na asipoweza asali kwa ubavu. Baada ya hapo wenzake wawili wakawa wanapita kusali naye magharibi, yeye akiwa kwenye kiti, na baada ya sala wanakunywa kahawa. Kwa wasio Waislamu nadhani mpango wa jumuiya kusalia nyumbani kwa mgonjwa unaweza kuzaa matunda yale yale.

Mpenda Soka, Temeke:

Nyongeza fupi kwa wanaoona magongo ni alama ya kushindwa. Tafuteni mtandaoni mechi za Tembo Warriors, timu yetu ya taifa ya soka la watu wenye ulemavu wa viungo, iliyoshiriki mashindano ya Afrika ya mwaka 2021 hapa Dar es Salaam kisha ikacheza Kombe la Dunia nchini Uturuki mwaka 2022. Wachezaji wa ndani wana mguu mmoja na wanakimbia kwa magongo ya mkononi, kila timu ikiwa na watu saba, akiwemo kipa mwenye mkono mmoja, na mchezaji akiugusa mpira kwa gongo makusudi anahesabiwa kama aliyeunawa. Sisemi mwenye mfupa ambao haujaunga aige mbio zile, mama muuguzi asinichape. Nasema nilipokuwa na magongo niliwatazama sana, na macho yangu yalijifunza jambo ambalo maelezo hayakunifundisha: wanavyotanguliza magongo yote mawili, wanavyoinama kidogo mbele, na jinsi kiwiliwili kinavyoning'inia kwenye viganja.

Mwanzisha uzi (Mwalimu, Morogoro):

Fundi wa Mbagala, hoja yako ni ya haki na sitaki kuipita. Mwenye mshahara na asiye na mshahara hawaugui ugonjwa mmoja hata kama mfupa uliovunjika ni ule ule. Hata hivyo naomba nikuulize kama fundi: katika kazi ya useremala, kinachofanyika kwa kusimama ni kiasi gani, na kinachofanyika kwa kichwa ni kiasi gani? Kupima chumba vijana wanaweza kwenda, wakakutumia vipimo na picha. Kukadiria mbao, misumari, gundi na vanishi, kumtajia mteja bei na kumbembeleza alipe malipo ya awali, kufuatilia waliochukua makabati wakaacha nusu ya deni, hayo yote ni kazi ya kiti na simu, na kwa jinsi ninavyowafahamu mafundi wengi, ndiyo kazi ambayo huwa haifanyiki kabisa kwa sababu fundi yuko juu ya kenchi. Mteja anayeuliza fundi mwenyewe yuko wapi hana haja ya kuuona mguu wako. Anataka kuisikia sauti yako ikimwambia kitanda chake kimefikia hatua gani.

La pili, zipo bidhaa zinazotengenezwa ukiwa umekaa: vibao vya chapati na misukumio yake, miiko, vigoda, fremu za picha. Vipande vinavyobaki kwenye karakana yako leo vinachomwa au vinagawiwa kwa mama ntilie. Sidai kwamba vitalipa kodi yote ya fremu. Ila nakuomba uangalie kama vitalipa sehemu yake, na kama mwenye fremu, akiona kazi inatoka, hatakubali kupokea kwa mafungu.

Dada wa Tanga, suala la kutosimamiwa begani nimelisoma kwa sauti mbele ya mke wangu. Amecheka, akasema mchele wa Jumapili ulikuwa na jiwe.

Fundi Seremala, Mbagala:

Mwalimu, nimerudi. Nilianza na wadaiwa kwa sababu hapahitaji msasa. Wawili wamelipa, mmoja amezima simu, na mmoja ameomba niongeze kabati la vyombo kwenye deni lile lile, jambo ambalo kama ningekuwa mzima ningelikubali kwa kukosa muda wa kubishana. Safari hii nilikuwa na muda wote wa dunia, tukabishana mpaka akatuma nusu. Sasa kila asubuhi nasindikizwa hadi karakana kwa bajaji, nimekaa kiti chote cha nyuma na mguu nimeunyoosha, ambao ni usafiri bora kuliko daladala kwa mtu wa hali yangu. Nakaa mlangoni mguu ukiwa juu ya benchi, napiga msasa vibao vya chapati na kuwaelekeza vijana. Kijana mdogo, ambaye nilikuwa namwona mzito, nimegundua hakuwahi kuelekezwa. Mimi nilikuwa namfokea huku naondoka. Jana amekata kiungo cha ulimi na tundu kilichoingia bila kulazimishwa na nyundo.

Swali langu kwa mama muuguzi ni kuhusu vumbi la mbao. Sakafu ya karakana ni ya saruji laini, na vumbi likitanda magongo yanateleza. Juzi gongo la kushoto lilinikimbia nikadakwa na kijana.

Muuguzi Mstaafu, Moshi:

Mwanangu, geuza magongo yako utazame vipira vya chini. Kama michirizi yake imesagika vikawa laini, ndivyo vinavyokuangusha. Badilisha vyote viwili kwa pamoja, vinauzwa kwenye maduka ya vifaa tiba na bei yake si kubwa. Kila siku vifute kwa kitambaa kibichi halafu vikaushe, maana vumbi la mbao hujaa kwenye michirizi hata ya kipira kipya. Mwagize kijana afagie njia yako kutoka benchi hadi mlangoni kabla hujasimama, na usimame pale tu atakapokwambia amemaliza. Wakati wa kutembea weka magongo mbele yako karibu kidogo, usirushe mbali, kwa sababu gongo linalotua mbali hutua kwa mshazari na ndilo linaloteleza. Na hiyo siku uliyodakwa, kama mguu uligusa chini hata kidogo, usingoje tarehe ya kliniki, nenda ukaangaliwe.